Maswali ya Wasomaji: Virusi Dhidi ya Viwavi wa Misituni

Katika toleo lililopita, safu hii iligusia kwa aya mbili tu jinsi baadhi ya nchi zinavyotumia virusi vya asili kupambana na wadudu wanaokula majani ya miti ya misitu. Aya hizo mbili zimeleta barua nyingi kuliko makala nzima iliyozibeba. Tumechagua zile zinazouliza mambo tofauti, tukazifupisha, na bwana misitu wetu mstaafu amezijibu kwa zamu.

Bwana Misitu, shikamoo. Mimi ni mkulima wa misindano hapa Mafinga. Mliandika kwamba Kanada iliokoa misitu yake kwa kirusi. Je, ni kweli kirusi kinaweza kufanya kazi ambayo dawa imeshindwa, na jambo hilo lilianzaje? (Mkulima wa miti, Mafinga)

Marahaba, ndugu yangu. Ni kweli, na kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa chote kwa sababu hakuna aliyekipanga. Mwaka 1930, kwenye rasi ya Gaspé katika jimbo la Quebec, waligunduliwa viwavi wa kijani wakila majani ya misprusi, miti ya nchi za baridi iliyo jamaa ya msindano. Mdudu huyo, Gilpinia hercyniae, si nondo bali ni wa ukoo wa nyigu. Jike lake lina kifaa chenye meno ambacho hupasulia jani na kutaga yai ndani yake, na kwa hiyo hapa tutamwita nyigu-msumeno. Alikuwa ametoka Ulaya, ambako hakuwa na sifa ya uharibifu mkubwa, lakini Kanada alikuta misitu mipana isiyo na maadui wake wa kule. Isitoshe, jike huzaa bila kuhitaji dume. Haikuchukua miaka mingi kabla ya maelfu ya kilomita za mraba za misprusi kuvamiwa, kutoka Quebec na New Brunswick hadi majimbo jirani ya Marekani.

Serikali ya Kanada iliagiza kutoka Ulaya nyigu na nzi wadogo ambao hutaga mayai yao kwenye mwili wa mdudu huyo, ikawafuga na kuwaachia misituni kwa mamilioni. Pamoja nao, bila mtu yeyote kujua, kikaingia kirusi. Ilipofika mwaka 1938, watafiti waliokuwa wakihesabu viwavi kwenye matawi walianza kukuta wengi wamekufa, miili yao imegeuka rangi na kunata kwenye majani, na idadi ya vifo ikapanda mwaka hadi mwaka. R. E. Balch na F. T. Bird waliueleza ugonjwa huo katika maandishi yao ya mwaka 1944, wakati ambapo mlipuko wenyewe ulikuwa umekwisha kufifia. Tangu hapo mdudu huyo yumo katika misitu ya Kanada kama mkazi wa kawaida. Kirusi pamoja na wadudu wawili watatu walioletwa kwa makusudi wamemzuia asirudie makuu yake, na hakuna anayelipia kazi hiyo.

Unauliza kuhusu dawa. Dawa ya kupuliza huua siku ilipopulizwa na siku chache zinazofuata, kisha kazi yake imekwisha. Kirusi cha nyigu-msumeno huzaliana ndani ya chembe hai za utumbo wa kiwavi, na kwa kuwa hakitoki nje ya utumbo huo, kiwavi mgonjwa huanza kukitoa kwa kinyesi na matapishi akiwa bado hai, akitembea na kuchafua majani ambayo wenzake watayala. Ndege anayekula kiwavi huyo hadhuriki, bali hukipeleka kirusi kwenye miti mingine kwa kinyesi chake. Jambo hili lilichunguzwa kwa kina huko Wales katika miaka ya 1970, mdudu huyuhuyu alipoivamia misprusi iliyopandwa kule.

Baada ya bahati hiyo ya kwanza, Wakanada walifanya kwa makusudi kile ambacho awali kilijitokea chenyewe. Mwaka 1949 Bird alipata kutoka Sweden kirusi cha nyigu-msumeno mwingine, Neodiprion sertifer, ambaye viwavi wake hukaa kwa makundi kwenye vijiti vya misindano, na kuanzia mwaka 1950 kikapuliziwa katika mashamba ya Ontario. Kwa mdudu anayekaa kwa kundi, kiwavi mmoja akiambukizwa ndugu zake wote wamo hatarini. Mwaka 1983 Kanada ilisajili kirusi cha Neodiprion lecontei, na mwaka 2006 kile cha Neodiprion abietis, ambaye alikuwa akiharibu misitu ya kisiwa cha Newfoundland. Kiasi kinachotumika kwa huyu wa mwisho ni kidogo cha kushangaza: punje bilioni moja za kirusi, yaani vidonge vidogo mno vya protini vilivyobeba virusi ndani yake, kwa hekta, katika lita 2.5 za maji yaliyochanganywa na molasi kwa asilimia 20. Bilioni moja inasikika kuwa nyingi, lakini ukizikusanya punje hizo zote hazijazi kijiko cha chai.

Hata hivyo, usiyahamishe mafanikio ya Kanada moja kwa moja hadi Mafinga. Nyigu-msumeno hao hawapo katika mashamba yako, na virusi vyao havitamgusa mdudu uliye naye. Swali la kwanza kwako ni mdudu gani anakula miti yako na anaila kwa njia gani. Nitalirudia nikiwajibu wengine hapa chini.

Mimi hufundisha Biolojia. Wanafunzi wangu wanataka kujua kirusi kinamuuaje kiwavi, na kama ni kweli kwamba kiwavi mgonjwa hupanda juu ya mti kufia huko. (Mwalimu, Nyeri)

Mwalimu, virusi tunavyovizungumzia ni vya jamii ya bakulovirusi. Kinachovitofautisha na virusi vingi ni kwamba, kabla ya kutoka mwilini mwa mdudu, hujifungia ndani ya punje ya protini ngumu yenye pande nyingi, yenye ukubwa wa elfu moja au mbili ya milimita. Punje moja huweza kubeba virusi vingi. Hata kwa hadubini ya kawaida ya shule, ukikuza mara 400, punje hizo huonekana zikimetameta katika tone la majimaji ya kiwavi aliyekufa, na sijui kama kuna virusi vingine ambavyo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuona alama yake kwa urahisi huo.

Kiwavi humeza punje pamoja na jani. Utumbo wake wa kati una alkali kali, pH ya 10 au zaidi, na alkali hiyo huiyeyusha protini kwa dakika chache na kuviacha huru virusi vilivyomo, ambavyo huingia katika chembe hai za ukuta wa utumbo. Kwa viwavi wa nondo, tofauti na wale wa nyigu-msumeno, maambukizi hayaishii hapo. Virusi hutoka utumboni na kuenea kwenye mafuta ya mwili, mirija ya hewa na tabaka la chini ya ngozi, hadi karibu kila kiungo kigeuke kuwa kiwanda cha kuzalisha punje mpya. Katika hatua ya mwisho hutengenezwa vimeng'enya viwili, kimoja cha kuyeyusha protini za mwili na kingine cha kuyeyusha khitini, yaani ganda la nje. Kiwavi huwa laini kama uji uliofungwa ndani ya utando mwembamba, na ukimgusa kwa ncha ya kijiti utando hupasuka na kumwaga majimaji ya kahawia. Kiwavi mkubwa wa nondo Lymantria dispar huweza kuacha zaidi ya punje bilioni moja kwa namna hiyo.

Kupanda juu ni kweli kabisa. Wataalamu wa misitu wa Ujerumani waliuona ugonjwa huo katika karne ya 19 kwa nondo Lymantria monacha, wakauita ugonjwa wa vilele vya miti, na mwaka 1892 walijaribu hata kuueneza kwa makusudi, wakati ambapo hapakuwa na mtu aliyejua kirusi ni nini. Sababu yake ilianza kueleweka mwaka 2011, pale Kelli Hoover na wenzake huko Marekani walipochapisha utafiti kuhusu jeni moja ya kirusi cha Lymantria dispar, iitwayo egt. Kwa kawaida viwavi wakubwa wa nondo huyo hula usiku na kushuka asubuhi kujificha kwenye magome au chini ya mti. Jeni ya egt hutengeneza kimeng'enya kinachozima homoni ya kujivua ngozi, na kiwavi aliyezimiwa homoni hiyo hubaki juu, mchana na usiku, hadi afie huko. Watafiti walipoiondoa jeni hiyo, viwavi walikufa chini. Walipoirudisha, wakafia tena juu. Kutoka juu, mvua huzisambaza punje kwenye majani yote yaliyo chini. Wanafunzi wako wataona mara moja ni nani anayefaidika na safari hiyo.

Mzee, nafuga nyuki katika msitu wa miombo. Je, kirusi hicho hakitaua nyuki wangu, na sisi tunaokula asali je? (Mfugaji nyuki, Tabora)

Huku kwetu viwavi ni chakula, tena huuzwa sokoni kwa bei nzuri. Mkileta ugonjwa wa viwavi, si mtatumalizia mboga? (Mama mfanyabiashara, Lubumbashi)

Nimeziweka barua hizi mbili pamoja kwa sababu moja ina jibu jepesi na nyingine haina.

Kwako wewe wa Tabora: nyuki hawaambukizwi na bakulovirusi vya viwavi. Virusi hivi haviishi ndani ya binadamu, mifugo, ndege, samaki wala mimea. Tumbo letu lina asidi, si alkali, na hata punje ikiyeyuka, chembe za miili yetu si mahali ambapo kirusi hicho kinaweza kuzaliana. Mwaka 1973 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo, katika kikao chao cha pamoja, yalivipendekeza virusi vya jamii hii vitumike dhidi ya wadudu waharibifu. Katika miaka hiyohiyo watafiti wa Marekani waliokuwa wakichunguza kabeji za dukani walikuta majani yake yamejaa punje za kirusi cha kiwavi wa kabeji, zilizofika zenyewe kutoka shambani. Watu walikuwa wakizila kila siku kwenye kachumbari bila kudhurika.

Kwako mama wa Lubumbashi, hofu yako ina msingi, na ningependa wataalamu wanaopanga miradi ya aina hii waisome barua yako. Virusi hivi vinatofautiana sana kwa uchaguzi wao. Kirusi cha Lymantria dispar huua nondo huyo peke yake, na ndiyo sababu Wamarekani hukitumia pale penye vipepeo adimu ambao wangekufa kwa dawa ya bakteria Bt, ambayo huua viwavi wa aina nyingi. Lakini kipo kirusi kingine maarufu katika maabara, kilichotolewa kwa nondo Autographa californica, ambacho huambukiza zaidi ya spishi 30 za viwavi. Wafugaji wa nondo wa hariri nao wanajua kwamba bakulovirusi huweza kufuta banda zima la viwavi wao. Kwa hiyo kabla ya kirusi chochote kupulizwa karibu na miombo yenu, ni lazima kijaribiwe maabara kwa viwavi wanaoliwa, spishi kwa spishi. Kipimo hicho si ghali, na mtu akikuambia hakihitajiki, usimkubalie.

Ninaishi Ontario. Mwaka 2021 viwavi walikula majani ya miti yote ya mtaani kwetu, kisha ghafla wakaanza kufa wakiwa wamening'inia kwenye mashina. Jirani anasema serikali ilipuliza kirusi. Ni kweli? (Msomaji, Kanada)

Hao walikuwa Lymantria dispar, niliyemtaja hapo juu. Mfaransa mmoja, Étienne Léopold Trouvelot, aliwaleta Medford, karibu na Boston, mwishoni mwa miaka ya 1860 kwa majaribio ya hariri. Wakamtoroka, na Amerika ya Kaskazini inalipia hadi leo. Mwaka 2021 jimbo lenu la Ontario lilipoteza majani katika zaidi ya hekta milioni 1.7, na hapakuwa na ndege za kupuliza eneo kama hilo. Miji iliyopuliza, kwa kawaida ilitumia Bt. Vifo vingi ulivyoviona vilikuwa vya kirusi ambacho tayari kimo katika misitu yenu na vya kuvu aitwaye Entomophaga maimaiga.

Unaweza kuvitofautisha mwenyewe. Kiwavi aliyeuawa na kirusi mara nyingi huning'inia kwa miguu ya katikati ya mwili, kichwa na mkia vikiinama chini, umbo la V iliyogeuzwa, na ni laini mno. Aliyeuawa na kuvu huning'inia wima kichwa chini, amekauka, na ukimbonyeza havuji. Mwaka uliofuata, 2022, idadi yao ilishuka sana.

Kama milipuko ya viwavi huishia yenyewe kwa magonjwa, kwa nini tupoteze fedha kupuliza kirusi? (Mwanafunzi wa misitu, Kampala)

Swali zuri, na jibu lake ndilo lililoamua matumizi ya virusi katika misitu ya magharibi mwa Marekani. Kuna nondo kule aitwaye Orgyia pseudotsugata, ambaye viwavi wake wenye vishungi vya manyoya hula majani ya miti ya Douglas. Mlipuko wake hudumu takriban miaka mitatu: mwaka wa kwanza watu hawautambui, wa pili miti inakuwa ya kahawia, wa tatu kirusi kinawafyeka viwavi karibu wote. Tatizo ni kwamba kirusi hufika kikiwa kimechelewa. Hakiwezi kuenea haraka hadi viwavi wawe wengi, na wakiwa wengi miti imekwisha kuvuliwa majani; mti wa jamii ya msindano ukivuliwa majani yote aghalabu hauchipui tena.

Mlipuko wa miaka ya 1972 hadi 1974 katika majimbo ya Oregon, Washington na Idaho ulikuwa mkubwa kiasi kwamba serikali ya Marekani, iliyokuwa imepiga marufuku dawa ya wadudu ya DDT mwaka 1972, iliruhusu ipulizwe tena huko mwaka 1974 kwa idhini ya dharura. Kelele zilizofuata zilisaidia kusukuma mbele kazi ya kirusi, na mwaka 1976 kirusi cha nondo huyo kilisajiliwa rasmi. Siku hizi, hasa katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, wataalamu hutega madume kwa harufu ya jike kila mwaka. Mitego ikionyesha kwamba idadi inapanda, hukagua mayai, na viwavi wanapoanguliwa hupuliza kirusi wakiwa bado wachanga. Kwa maneno mengine, hawaleti ugonjwa mgeni, bali wanauwahisha ule ambao ungekuja mwaka mmoja au miwili baadaye. Uchanga wa kiwavi ni jambo la lazima hapa, kwa sababu kiwavi mkubwa huhitaji kumeza punje nyingi mara kadhaa zaidi kabla ya kuugua, na hata akiugua ataendelea kula kwa siku nyingi.

Pengine utajiuliza kirusi hukaa wapi miaka yote ambayo viwavi ni haba. Hukaa kwenye udongo. Juani, juu ya jani, miale ya urujuanimno huziharibu punje katika muda wa saa chache hadi siku chache, lakini chini ya takataka za msitu hudumu. Watafiti walikuta kirusi cha Orgyia kikiwa bado na uwezo wa kuua katika udongo wa mahali palipokuwa na mlipuko takriban miaka 40 iliyotangulia.

Kwa kuwa uko Kampala, fahamu pia kwamba Uganda imo katika historia hii. Viwavi wakubwa wa Gonometa podocarpi, ambao zamani walijilia miti ya asili, waligeukia mashamba ya misindano ya kigeni, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kirusi kidogo, kisicho cha jamii ya bakulovirusi, kilitengwa kutoka kwao na kuchunguzwa Uingereza. Mimi huona ni hasara kwamba kazi ya namna hiyo haikuendelezwa hapa kwetu, kwa mdudu wetu wenyewe.

Mikipresi yangu inakauka kwa chawa wa miti. Nitapata wapi kirusi? (Mkulima, Nakuru)

Hutakipata, na ukiuziwa, umeibiwa. Chawa wa mikipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na Kenya mwaka 1990, hatafuni jani bali huchoma gome na kunyonya utomvu, kwa hiyo punje zilizopulizwa juu ya majani hazimfikii. Huyo alitafutiwa nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, aliyeachiwa katika miaka ya 1990. Ndivyo ilivyo pia kwa nyigu anayefanya vinundu kwenye mikaratusi, kwa wadudu wanaotoboa shina, na kwa mchwa. Virusi vya punje ni vya wadudu wanaokula majani waziwazi.

Sisi wa pwani tunasumbuliwa na chonga, mbawakawa mwenye pembe, kwenye minazi. Huyo hali jani waziwazi, lakini nimesikia naye ana kirusi chake. (Mkulima wa minazi, Bagamoyo)

Umesikia vizuri, na barua yako inanirekebishia ukali wa sentensi yangu iliyotangulia. Kirusi cha chonga hakina punje kama vile vya viwavi, na hakipulizwi. Mwaka 1963 Alois Huger alikigundua Malaysia kwa chonga wa Asia, Oryctes rhinoceros, na mwaka 1967 kikapelekwa Samoa, ambako mbawakawa huyo mwenye pembe alikuwa ameingia mwaka 1909 na kuifanya minazi ibaki na makuti yaliyokatwa kama kwa mkasi. Njia yake ni kuwakamata chonga wazima, kuwaambukiza, na kuwaachia. Chonga mgonjwa huishi wiki kadhaa, hula kidogo, hutaga kidogo, na hukiacha kirusi kwa kinyesi katika magogo ya minazi iliyooza na kwenye lundo la samadi, ambako mabuu na wenzake hukutana nacho. Samoa na visiwa vingine vya Pasifiki viliona minazi ikipona.

Katika miaka ya 1980 kirusi hicho kililetwa pia Shelisheli na pwani ya Tanzania dhidi ya chonga wetu wa Afrika, Oryctes monoceros. Mafanikio hayakufikia yale ya Samoa, kwa kuwa chonga wetu ni spishi nyingine na kirusi hakikuwa kimezaliwa naye. Huko Guam nako, chonga wa Asia aliyegunduliwa mwaka 2007 alionekana kuwa wa ukoo ambao kirusi cha kawaida hakimuumizi. Kwa hiyo mpaka leo, mkulima wa Bagamoyo anayeondoa na kuchoma magogo yaliyooza shambani, na kumtoa chonga kwa waya kwenye kilele cha mnazi, anafanya zaidi ya kirusi chochote.

Nina duka la pembejeo. Kama virusi hivi ni salama hivyo, mbona haviji madukani? Na je, mkulima anaweza kuwasaga viwavi wagonjwa akapulizia shambani kwake? (Mwenye duka, Njombe)

Haviji kwa wingi kwa sababu ya sifa ileile inayovifanya viwe salama. Kampuni ikitengeneza dawa inayoua wadudu mia, ina wateja wa wadudu mia. Ikitengeneza kirusi cha nondo mmoja ambaye huzuka kila baada ya miaka kumi, italala na mzigo ghalani. Aidha, ili kupatikana kwa wingi kirusi huzalishwa ndani ya mdudu hai, kwa hiyo ni lazima viwavi wafugwe kwa maelfu, walishwe, waambukizwe na wavunwe kwa mikono. Mteja naye hana subira: amepuliza Jumatatu, wiki inayofuata bado anawaona viwavi wakila, anarudi dukani kwako kudai fedha. Ndiyo maana kirusi cha Lymantria dispar, kilichosajiliwa Marekani mwaka 1978, kimekuwa kikitengenezwa na idara ya misitu ya serikali yenyewe. Msitu hauna msimu mmoja wa mavuno, na ni serikali au mwenye shamba kubwa anayeweza kusubiri.

Kuhusu kusaga: imefanyika, tena kwa upana. Nchini Brazil, chini ya utafiti wa Flávio Moscardi na taasisi ya Embrapa, wakulima wa soya walitumia viwavi 50 hivi waliokufa kwa kirusi, takriban gramu 20, kwa hekta moja, na katika miaka ya 1990 eneo lilipita hekta milioni 1 kwa mwaka. Hapa Tanzania kirusi cha viwavijeshi, Spodoptera exempta, kilijaribiwa mashambani katika miaka ya 2000, kwa kupuliza kutoka ardhini na kwa ndege, na kiliwaua. Lakini Wabrazil walianza na kirusi kilichotambuliwa na kupimwa. Mkulima anayesaga viwavi asiowajua anaweza kupuliza bakteria, manyoya yanayowasha macho na ngozi, au viwavi waliokufa kwa dawa ya jirani. Kisheria pia, kitu kinachopulizwa kuua wadudu ni kiuatilifu, na kwetu ni lazima kipite Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Ukiwaona viwavi wengi wamekufa juu ya matawi, miili laini, hakuna aliyepuliza kitu, usiwaache wapotee. Watie kila mmoja katika kichupa kikavu chenye kifuniko, usitie spiriti wala maji, andika aina ya mti, mahali na tarehe, kisha uvihifadhi kwenye friza kama ipo. Wapeleke Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, Morogoro, au kama uko Kenya, makao ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI) yaliyoko Muguga, na pamoja nao upeleke viwavi kumi hivi walio hai kutoka mti uleule, kwenye mfuko wenye matundu na majani mabichi ya kula njiani.